Jibu: kapasita za chaja ya taa za dagaa, na kwa nini kasha linakutekenya

Mkuu, swali lako nimelisoma lote pamoja na picha. Kwa wanaoingia sasa hivi: jamaa yuko Kibirizi, Kigoma, anaunda chaja ya swichingi (inayokata na kuunga umeme kwa kasi kubwa) ya volti 14.4, ampea 5, ya kuchajia betri za taa za wavuvi wa dagaa. Spea nyingi amezing'oa kwenye pawasaplai za kompyuta zilizokufa. Anauliza achague kapasita (vifaa vya kuhifadhi chaji ya umeme) zipi, kwa nini kasha la bati linamtekenya akiligusa, na kama ile kapasita ndogo ya bluu anaweza kuweka badala yake ya kawaida ya kilovolti 2 aliyoipata duka la spea. Mimi niko Mwanga, hapa hapa Kigoma, kazi yangu ni pawasaplai na inveta, kwa hiyo nakujibu kwa yale ninayokutana nayo mezani.

Naanza na hiyo ya bluu, maana hapo ndipo mtu anapoweza kufa. Usibadilishe. Hiyo kapasita imekaa katikati ya upande wa umeme mkubwa na upande wa betri, inavuka transfoma. Kazi yake ni kurudisha kelele za swichingi zilikotoka. Ikitoboka na kupiga shoti, umeme wa ukutani unafika kwenye vibanio vya betri, na anayeshika vibanio hivyo ni mvuvi aliyetoka majini, mikono imelowa, amesimama peku kwenye mchanga mbichi. Ya kawaida ya kilovolti 2 ina volti nyingi za kuandikwa, lakini hakuna aliyeitengeneza ili siku ya kufa isipige shoti. Za daraja la Y zimetengenezwa na kupimwa kwa ajili hiyo: Y2 inapimwa kwa pigo la volti 5,000, Y1 kwa volti 8,000. Utaitambua kwa maandishi mwilini mwake: Y1 au Y2, volti za AC kama 250 au 400, na alama za wakaguzi. Ukiona 222, hiyo ni nanofaradi 2.2. Kwa chaja yako weka Y1 tu hapo. Dukani ukiikosa, ing'oe kwenye pawasaplai nzima ya kompyuta au chaja ya laptopu, ila kwanza soma maandishi. Rangi ya bluu peke yake haithibitishi kitu, hata za kawaida zipo za bluu.

Na umbali kwenye bodi ni sehemu ya jambo hilo hilo. Haina maana kuweka Y1 halafu njia za shaba za pande mbili zipite jirani. Mimi siachi chini ya milimita 8 kati ya pande hizo, na chini ya optokapla (kipande kinachopitisha ishara kwa mwanga kati ya pande hizo) nakata ufa kwenye bodi, kwa sababu vumbi na unyevunyevu wa ziwani vinajenga njia ya umeme juu ya bodi hata kama hakuna waya.

Sasa kutekenya. Umehamisha chujio lote la kompyuta pamoja na kapasita zake mbili za Y, moja kutoka laivu kwenda kwenye bati, nyingine kutoka nyutro kwenda kwenye bati. Zilikusudiwa kasha liwe na ethi. Soketi yako haina ethi, basi bati linaelea katikati, kama volti 115. Mkondo wenyewe ni mdogo: nanofaradi 4.7 kwenye volti 230 na hezi 50 zinapitisha takriban miliampea 0.34, za 2.2 zinapitisha 0.16. Hiyo inatekenya tu. Lakini usikae ukiamini kwamba kila kutekenya ni kwa Y, kwa sababu waya wa laivu uliochubuka na kugusa bati unaanza hivyo hivyo kwa mtu aliyevaa kandambili. Pima. Plagi ikiwa imetoka, funga resista ya kilo-omu 10 ya wati 10 kati ya kasha na ethi ya kweli, weka mita sambamba nayo kwenye volti za AC, kisha chomeka bila kugusa chochote. Kama ni kapasita za Y, volti zinaanguka hadi 3 au 4. Zikibaki makumi au mamia, kuna uvujaji wa kweli, chomoa na utafute.

Kwa wateja wako nisingetumia bati kabisa. Nyumba nyingi za ufukweni hazina ethi ya kuaminika. Weka kasha la plastiki, ondoa Y zote mbili za kwenda kwenye kasha, bakiza X2 (kapasita ya usalama ya kuchuja kelele) kati ya laivu na nyutro na ile Y1 moja ya katikati. X2 iwe ya volti 275 au zaidi za AC, na sambamba nayo weka resista za kuimwaga. Kwa mikrofaradi 0.47, mbili za kilo-omu 470 mfuatano zinatosha. Bila hizo, mtu akichomoa plagi na kugusa pini zake anapigwa.

Kapasita kubwa ya upande wa umeme mkubwa. Volti 230 za AC zikipita kwenye briji (daiodi nne za kugeuza AC kuwa DC) zinakuwa kama 325 za DC. Ukutani zikipanda hadi 265 unafika 375. Kwa hiyo 400 ndiyo kima cha chini, na mimi kwa huku kwetu nachukua 450 kila nikiipata. Umesema una mbili za mikrofaradi 470, volti 200, za kompyuta ya zamani. Hizo huwekwa mbili mfuatano, kila moja na resista yake ya kusawazisha sambamba nayo. Ukiweka moja peke yake kwenye volti 325, itapasuka. Na zile zenye kapasita moja tu kubwa, pawasaplai za kisasa zaidi, nyingi zinaipandisha hadi karibu volti 380 zikiwa zinafanya kazi, kwa hiyo ukiwa unang'oa spea usidhani 325 ndiyo mwisho.

Ukubwa: watu husema mikrofaradi moja kwa kila wati, na kwa umeme wa 230 hesabu hiyo ni nzuri. Chaja yako inatoa wati 72, ukutani itavuta kama 85. Tatizo ni umeme ukishuka. Chukua 180 ukutani, kilele ni kama 254. Ukiwa na mikrofaradi 47, katikati ya mawimbi volti zinashuka hadi karibu 190. Ukiwa na 100 zinabaki juu ya 220. Transfoma uliyosuka kwa 250 itashindwa kwenye hiyo ya kwanza, na mosfeti, ile swichi ya elektroniki inayokata na kuunga umeme, itavuta mkondo mwingi kufidia. Weka 120 au 150 na ulale. Zaidi ya hapo huongezi faida, unaongeza pigo la kuwashia, ambalo ndilo linaloua briji na fyuzi. NTC (resista inayopunguza pigo hilo) uliyoiona kwenye bodi ya kompyuta ihamishe nayo.

Upande wa betri ndiko mafundi wengi wanakokosea, na wewe umeandika kabisa kwamba "nimeongeza mikrofaradi hadi 4,700 bado kapasita inachemka." Itaendelea kuchemka. Kwenye kilohezi 65, kasi ya swichingi, mikrofaradi si tatizo tena, tatizo ni upinzani wa ndani wa kapasita. Kwa muundo wako wa flaibaki (transfoma inahifadhi nishati kisha inaitoa), mkondo unaingia kwa mapigo, na kwa ampea 5 za kutoka, kilele cha pigo kinaweza kufika ampea 15. Kapasita ya kawaida yenye omu 0.1 ndani inatoa mtikisiko wa volti 1.5 hapo hapo. Halafu joto: ukichukua ampea 4 za mtikisiko, kipeo cha pili chake ni 16, mara 0.1, unapata wati 1.6 ndani ya kikopo cha ukubwa wa kidole gumba. Ndiyo maana kinavimba kichwa. Weka mbili au tatu za mikrofaradi 1,000, volti 25, za aina ya upinzani mdogo na joto la nyuzi 105, sambamba, na njia za shaba ziwe fupi na za urefu unaolingana ili moja isibebe mzigo wa wenzake. Volti 16 kwa chaja ya 14.4 ni kubana mno; betri ikichomolewa ghafla volti zinaruka.

Hiyo 105 isikupite hivi hivi. Kapasita iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105 ina maana ya saa 2,000 ikiwa kwenye joto hilo. Kila ukishusha nyuzi 10, maisha yanakaribia kuongezeka maradufu: nyuzi 85 unapata kama 8,000, nyuzi 65 kama 32,000. Chaja yako itafanya kazi mchana, kama saa 8, isipokuwa siku za mbalamwezi wavuvi wasipotoka. Saa 2,000 ni siku 250 tu za namna hiyo. Chini ya bati la kibanda cha Kibirizi mchana, ndani ya kasha lililofungwa, usogeze kapasita mbali na daiodi ya kutolea na bamba lake la kupoza. Sentimita mbili zinabadilisha mambo.

Kuna moja ndogo ambayo kila mtu anaisahau: ile ya mikrofaradi 22 au 47, volti 50, inayolisha aisii (chipu) ya kuendesha mosfeti. Kwa kawaida imebanwa jirani na resista ya moto. Ikikauka, chaja inapiga tiki-tiki bila kuwaka, na fundi anabadilisha aisii na mosfeti bure. Weka mpya ya 105, na sambamba nayo seramiki ya nanofaradi 100 karibu kabisa na miguu ya aisii.

Kuhusu feki. Zipo, na zinauzwa kwa sura nzuri. Moja niliyoipasua ilikuwa na lebo ya 450 na mikrofaradi 220. Ndani ya kikopo kikubwa kulikuwa na kikopo kidogo kimeviringishiwa karatasi, na pembeni hewa tupu. Kabla ya kununua, shika mkononi na ulinganishe na iliyotoka kwenye pawasaplai nzuri. Nyepesi mno ni dalili. Pima mikrofaradi, pima na upinzani wa ndani kama una mita yake. Mkanda kwenye mwili wa kapasita hizi za alumini unaonyesha hasi. Kwenye tantalamu mkanda ni chanya, usichanganye.

Sasa usalama wako mwenyewe. Mikrofaradi 150 kwenye volti 325 zimehifadhi karibu jouli 8, na plagi ikitoka hazimwagiki zenyewe kama mosfeti imekufa, kwa sababu hakuna tena anayezitumia. Hicho ndicho chanzo cha watu wengi kupigwa: chaja imeharibika, imechomolewa, inaonekana mfu. Kijana mmoja niliyekuwa namfundisha aligusa miguu ya kapasita ya bodi iliyokaa kando muda mrefu, mkono ukaruka na kupiga bati kali ukachanika. Jeraha lilikuwa kubwa kuliko shoti yenyewe.

Weka resista za kumwaga ndani ya chaja moja kwa moja: mbili za kilo-omu 47, wati 1, mfuatano. Mbili, ili zigawane volti na joto. Baada ya dakika moja hivi kapasita inakuwa na volti chache. Kwa mkononi tengeneza kimwagio: resista ya waya ya kilo-omu 2.2, wati 10, yenye nyaya mbili za ganda nene na vishikio vya plastiki. Shikilia sekunde tatu au nne, kisha pima kwa mita. Subiri, pima tena, maana kapasita hurudisha volti kidogo baada ya kumwagwa. Bisibisi usitumie. Cheche yake inarusha risasi ya kulehemu iliyoyeyuka machoni na inaumiza viungio vya ndani vya kapasita.

Kila ukiwasha mara ya kwanza, weka balbu ya nyuzi ya wati 60 mfuatano na laivu. Si ya LED. Ikiwaka mara moja na kufifia, kapasita imejaa na mambo ni shwari. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti, na balbu imezuia mkondo mkubwa. Vaa miwani, usiiname juu ya kapasita, ukilazimika kupima ikiwa inawaka mkono mmoja uwe mfukoni. Bamba la kupoza la mosfeti lichukulie kuwa na umeme hadi upime. Kama una osiloskopu, kibanio chake cha ethi kisiguse upande wa umeme mkubwa bila transfoma ya kutenganisha. Kibanio hicho kimeungwa na ethi ya ukuta, utapata mlipuko. Na usifanye kazi hii usiku peke yako. Awepo mtu anayejua swichi kuu ilipo, na umwambie asikushike kabla hajaizima.

Ile picha uliyoweka inaonyesha juu ya bodi tu. Tuma ya upande wa chini, karibu na optokapla na transfoma, uweke rula pembeni. Na soma maandishi ya ile ya bluu uliyonayo, herufi kwa herufi, uyaandike hapa kabla hujampa mvuvi chaja ya kwanza.