Wakisema "Haina Kitu": Namna ya Kupokea Maoni ya Filamu ya Kutisha ya Mwendo wa Pole

Filamu ya kutisha isiyo na damu wala sura ya shetani, iliyopigwa ndani ya nyumba moja kwa fedha za kuchangiwa, ikioneshwa Unguja au Pemba hupata maoni ya namna mbili: "haina kitu" na "usiku sikulala". Mara nyingi waliosema hivyo walikaa safu moja. Watengenezaji wengi huhesabu, wakiona "haina kitu" zimezidi hurudi mezani kuikatakata filamu. Hapo ndipo filamu nzuri zinapoharibika. Maoni ya aina hii hayahesabiwi, yanatafutiwa chanzo, na chanzo mara nyingi kiko nje ya filamu.

Anza na chumba. Filamu hizi zinategemea kiza na ukimya, na kumbi zetu nyingi hazina hata kimoja. Kuta za chokaa huurudisha mwanga wa projekta kwenye kitambaa, kiza kinageuka kijivu, na kile kivuli kilichosimama nyuma ya mlango, ambacho ndicho kitisho chote cha dakika ya 25, hakuna anayekiona. Tundika kaniki kwenye kuta mbili za pembeni, angalau mita mbili za mwanzo kutoka kwenye kitambaa. Kwa kitambaa cha upana wa mita 2, projekta ya lumeni 500 (lumeni ni kizio cha mwangaza) kwa kipimo rasmi cha ANSI inatosha kiza kikiwa kamili. Zile ndogo zilizoandikwa maelfu ya lumeni kwenye boksi bila neno ANSI, zijaribu kwa macho yako kabla hujalipa. Anza saa 2:30 usiku, Isha imeshasaliwa, ili adhana isiangukie katikati ya ukimya na watu wasitoke nusu ya filamu.

Sauti ndiyo yenye kazi zaidi. Feni la dari huvuma chini kwa chini na kuumeza ule mngurumo mdogo uliouweka ili mtu aingiwe na wasiwasi bila kujua kwa nini. Fanya hivi: cheza sehemu yenye mnong'ono, feni zikizunguka, mtu mmoja azungumze nje barazani, wewe kaa kiti cha mwisho. Neno lisiposikika, usipandishe sauti ya filamu nzima, kwa sababu pahala pa kishindo patapasua masikio na watu watasema "inapiga makelele tu". Zisogeze spika karibu na watu, ziinue usawa wa masikio, zima feni za dari na weka za kusimama madirishani kwa mwendo mdogo. Jenereta usilitie kabisa, hata likiwa uani. Tumia inveta na betri: projekta ya wati 200 na spika za wati 100 kwa filamu ya dakika 90 zinakula wati-saa 450, ongeza kidogo kinachopotea kwenye inveta. Betri ya volti 12 ya Ah 100 inalibeba hilo, lakini kama ni ya asidi usiitumie zaidi ya nusu ya uwezo wake, yaani kama wati-saa 600. Onyesho moja, basi.

Ngome Kongwe ya Unguja, pahala pa wazi ambapo tamasha la filamu la ZIFF limekuwa likionesha filamu kwa miaka mingi, ni pazuri mno kwa vichekesho na muziki. Kwa filamu ya aina hii pana upepo na sauti za watu wa bustani ya Forodhani iliyo mbele yake, na nusu saa ya mwanzo inapotea. Ukumbi wa watu 20 uliofungwa vizuri una faida zaidi. Na kama onyesho ni la umma, Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni ndilo la kupitia kwanza.

Kisha simu, maana wengi wataitazama humo. Spika ya simu haitoi vizuri sauti za chini, takriban chini ya Hz 200. Mngurumo wako wa Hz 40 kwa mtu huyo haupo, na akikwambia "hakuna kinachotokea" anasema kweli tupu. Mtake avae spika za masikioni, au wakati wa kuchanganya sauti uongezee mngurumo ule mikwaruzo ya juu kidogo ili simu ipate cha kutoa. Picha nayo: ukiituma kwa WhatsApp kama video inabanwa, na sehemu za kiza zinakatika vigaevigae. Itume kama faili, ambako WhatsApp inapokea hadi GB 2. Kwenye faili lenyewe tia chenga kidogo za picha, kwa sababu kiza laini kabisa ndicho kinachotokea michirizi ya ngazi.

Tangazo. Marekani kuna kampuni iitwayo CinemaScore inayowauliza watazamaji wa usiku wa mwanzo na kuipa filamu alama kuanzia A+ hadi F. Mwaka 2018 filamu ya kutisha ya mwendo wa pole, Hereditary, ilipewa D+, ingawa wahakiki wengi walikuwa wameisifu sana. Alama ya mlangoni hupima zaidi kile mtu alichoahidiwa. Bango lako likiwa na macho mekundu na mdomo wa damu, umeshamwita mtu wa filamu nyengine, na ghadhabu zake ni haki yake. Weka mlango ulio wazi nusu. Andika urefu wa filamu. Sema kwamba inakwenda taratibu. Wachache watakaokuja ndio wa kuwasikiliza.

Hayo yakiwa sawa, sasa "haina kitu" inaihusu filamu. Kusanya watu 15, si ndugu wala waigizaji, na kila ukibadilisha filamu chukua 15 wengine, kwani aliyekwishaiona hatishiki tena. Muweke mtu mmoja pembeni nyuma, na saa iliyolinganishwa na filamu, aandike dakika ya kila simu iliyowaka, kila aliyetoka, kila kicheko. Kicheko baada ya kushtuka ni pumzi, kiache. Kicheko kabla ya kishindo ni kosa la uigizaji au la muziki uliotangulia kutoa siri. Kunong'onezana "usifungue!" ni dhahabu. Simu tatu zikiwaka dakika moja, kuna tatizo, lakini usilitafute dakika hiyohiyo. Rudi nyuma dakika tano hadi kumi. Anayechoka dakika ya 40 kwa kawaida alikatika dakika ya 32, pale wahusika wawili waliposema jambo ambalo tulishaliona kwa macho.

Chukua mfano wa pahala pamoja ndani ya filamu. Mwanamke kakaa kitandani, mfereji wa maji unadondoka ukumbini mwa nyumba, picha haikatiki kwa dakika mbili na nusu. Watu wanalalamika "ndefu". Ukiifupisha iwe sekunde 40 umeondoa khofu pamoja na urefu. Tatizo ni kwamba ndani ya dakika mbili na nusu hakuna kilichobadilika. Iache ndefu, kisha sekunde ya 50 tone lisite. Sekunde ya 80 lianze tena, karibu zaidi. Hutasikia tena neno "ndefu", na hujaongeza hata shilingi.

Liko jambo letu wenyewe ambalo vitabu vya ugenini haviligusi. Mtazamaji wa hapa hana haja ya kufundishwa kuogopa asichokiona. Mwaka 1995 taharuki ya popobawa, pepo anayesemwa kuwavamia watu usiku majumbani, ilianza Pemba ikavuka hadi Unguja, watu wakawa wanalala nje kwa makundi kwa sababu ya yale waliyosikia. Subira ya khofu tunayo. Tabu ni kwamba tunaipa jina haraka: mhusika akisikia sauti tu, ukumbi mzima umeshasema jini. Kama filamu yako inataka mtu abaki na shaka, je ni jini au ni akili ya mwanamke huyu inayochoka, usimlete mganga wala shekhe nusu ya mwanzo, na asiwepo mhusika anayelitamka neno jini. Likishatamkwa, swali limejibiwa, na kinachofuata kinakuwa kungojea kisomo.

Mwisho ni namna ya kuuliza. Ukiuliza "umeipenda?" bibi wa watu atakwambia "nzuri mwanangu, Mungu akuzidishie", na vijana watasema "iko poa". Ni adabu yetu na haina ubaya, ila haikusaidii. Uliza vitu visivyo na jibu la adabu: Nihadithie ilivyokuwa. Wapi ulitaka kutoka? Nani humuamini mle ndani? Wanawake waulizwe na mwanamke, wakiwa peke yao, watasema mengi zaidi, hasa filamu ikiwa inahusu nyumba na ndoa. Karatasi wape wanaopenda kuandika, wengine warekodi sauti.

Kisha ngoja siku mbili, uwatumie wote ujumbe mmoja: "Kipi kimebaki?" Filamu ya mwendo wa pole hufanya kazi yake baada ya watu kurudi nyumbani. Yule aliyesema "haina kitu" mlangoni akijibu kwamba jana aliufunga mfereji mara mbili kabla ya kulala, andika dakika ya tukio lile la mfereji, na usiliguse.