Pikipiki ya kwendea kazini kwa njia ya Morogoro Road: jibu kwa mkuu wa Mbezi Luis

Mkuu, umesema unakaa Mbezi Luis, ofisi yako iko Posta, unaingia saa mbili asubuhi, unataka kuchukua pikipiki na shemeji amekataa katakata. Waliotangulia kuchangia wamegawanyika: wengine wanakwambia nauli utaisahau, wengine wanakwambia unajinunulia jeneza. Mimi nakaa Kibamba, kazi yangu iko Kariakoo upande wa Gerezani, na hiyo Morogoro Road naipita kwa pikipiki kwa miaka sasa, jua na mvua. Nitakujibu kwa njia hiyo tu, maana mtu wa Mbagala au Tegeta ana hesabu zake tofauti.

Faida kubwa kuliko zote ni uhakika wa saa. Nauli inafuata mbali kabisa. Kwa usafiri wa abiria unaweza kutoka nyumbani saa kumi na moja na nusu leo ukafika mapema mno, kesho ukatoka muda uleule ukachelewa, kwa sababu mabasi yamepita yamejaa au lori limezimika katikati ya barabara. Kwa pikipiki tofauti ya siku nzuri na siku mbaya ni ndogo sana. Nikimwambia bosi saa moja na nusu niko mezani, nipo. Barabara ya njia nane kutoka Kimara hadi Kibaha imetusaidia watu wa huku, na Daraja la Kijazi tangu 2021 limefungua yale mataa ya Ubungo yaliyokuwa yanatutesa, lakini foleni haikufa, imesogea mbele. Utaikuta kuanzia Shekilango kwenda Manzese mpaka Magomeni. Jioni ndiyo utaiona thamani ya pikipiki: nafika nyumbani watoto bado wako macho, nakagua madaftari, tunakula pamoja. Kwa mtu mwenye familia hilo lina uzito kuliko hela ya nauli.

Sasa naomba unisikilize vizuri hapa. Muda unaookoa unatokana na kupenya foleni, na hatari nayo imekaa hapohapo. Ajali nyingi nilizozishuhudia kwenye njia hii hazikutokana na mwendo mkali. Foleni ilikuwa imesimama au inajivuta, na mwenye pikipiki alikuwa anapita pembeni. Chukua Manzese saa moja asubuhi. Daladala imesimama kwenye foleni, kituo kiko mbele kidogo, abiria wamechoka kusubiri. Konda anafungua mlango, mtu anaruka chini uso ukiwa umeelekea kule anakokwenda. Mlango wa daladala uko kushoto, na upenyo unaotamanisha uko kushoto hukohuko. Ndiyo maana mimi sipiti kushoto kwa daladala hata nafasi iwe pana kiasi gani. Kama ni kupita, napita kulia kwake, kati ya mistari miwili ya magari, na napita magari yakiwa yamesimama kabisa, kwa mwendo wa mtu anayekimbia mchakamchaka. Yakianza kutembea narudi nyuma ya gari, natulia kwenye njia yangu kama gari lingine lolote. Bado utawahi, niamini.

Jizoeze kuangalia matairi ya mbele ya magari. Indiketa watu wanasahau, lakini tairi likianza kukunja ujue dereva anahama, hata kama yeye mwenyewe anaongea na simu. Na kwa malori, kumbuka hii ndiyo njia ya mizigo ya Zambia na Kongo: kama huuoni uso wa dereva kwenye kioo chake cha pembeni, na yeye hakuoni. Pale Ubungo malori yanayokwenda bandarini yanakata kuingia Mandela Road. Kichwa kinatanua kwanza, halafu tela linakuja kukata kona kwa ndani. Pikipiki iliyojibanza kwenye ile kona haina pa kutokea. Subiri lori limalize, hata wa nyuma yako wakipiga honi.

Barabara ya mwendokasi, ile njia ya mabasi peke yake, usiingie kabisa. Achana na habari ya trafiki kukukamata. Yale mabasi yanakuja na mwendo yakijua njia ni yao, na waenda kwa miguu wanaovuka pale wanaangalia basi, hawakutegemei wewe.

Kuna jambo moja sijaona mtu akiligusa hapa, na linatuhusu sisi tunaokaa magharibi ya jiji. Asubuhi unakwenda mjini jua likiwa linapanda mbele yako, jioni unarudi nalo likizama mbele yako. Njia zote mbili linakupiga usoni. Kioo cha kofia kikiwa na mikwaruzo, mwanga unatawanyika na wewe huoni shimo wala mtu anayevuka. Kioo hakina gharama kubwa, kibadilishe mara kinapoanza kufifia, na ukifuta vumbi usilifute kavu, mwagia maji kwanza.

Kofia yenyewe usiokote ya bodaboda iliyokatika mkanda. Shirika la Afya Duniani limewahi kuandika kwamba kofia iliyovaliwa sawasawa inapunguza hatari ya kufa kwa zaidi ya asilimia 40, na ya kuumia kichwani kwa karibu asilimia 70. Neno lenye uzito hapo ni kuvaliwa sawasawa: imekubana mashavu, mkanda umefungwa chini ya kidevu, haizunguki ukiisukuma kwa mkono. Ikishagonga lami mara moja, ile boya ya ndani imeshafanya kazi yake, nunua nyingine. Koti zito, glavu na viatu vya kufunika kifundo navyo vivae kila siku, Mbezi kuna joto najua, lakini ngozi hairudi haraka.

Kuhusu mvua nitakuwa mkweli, masika inachosha. Kuanzia Machi mpaka Mei unabeba koti la mvua na suruali yake, shati la kazini na soksi kwenye mfuko wa nailoni ndani ya begi, na hata hivyo maji yatapata njia ya shingoni. Mimi naacha viatu vya ofisini kazini, naendesha na gambuti. Dakika za mwanzo za mvua ndizo mbaya zaidi, kwa kuwa oili iliyomwagika barabarani inaelea juu na lami inateleza, na rangi nyeupe za zebra zinateleza kuliko lami. Bonde la Jangwani likijaa maji usijaribu kuvuka ukimfuata mwenye gari kubwa. Pale Magomeni kata Kawawa Road, ama upande wa Kigogo na Ilala ama upande wa Kinondoni uje kutokea Salenda. Siku mvua ikiwa ya kupiga kweli, pikipiki inabaki nyumbani, napanda basi kama zamani. Ukiwa tayari kukubaliana na hilo, hatari nyingi za mwaka umezikwepa.

Breki. Vijana wengi wa bodaboda wanafundishana kwamba breki ya mbele itakurusha, kwa hiyo wanakanyaga ya nyuma tu. Ukifunga breki uzito wote unahamia mbele, tairi la nyuma linakuwa jepesi na linaburuza. Nguvu kubwa ya kusimama iko mbele, ila inaminywa taratibu ikiongezeka, haikamatwi ghafla. Nenda uwanja mtupu Jumapili, zoea kusimama kwa breki zote mbili mpaka mkono ujue wenyewe, kabla hujaingia Morogoro Road. Na upitie chuo ukapate leseni ya daraja A kihalali, usinunue cheti.

Gharama sitakuchosha nazo. Mbezi Luis mpaka Posta ni kama kilomita 22, na pikipiki ya CC 150 isiyoteswa inakwenda kilomita 40 na zaidi kwa lita, kwa hiyo kwenda na kurudi ni lita moja na ushee, kwa bei ambayo EWURA itakuwa imetangaza mwezi huo. Ila watu wanahesabu mafuta wanasahau tairi, cheni na sproketi, oili, breki, na usumbufu wa maegesho. Kabla hujalipia chochote ulizia jengo lenu kama linaruhusu pikipiki ndani ya geti. Majengo mengi ya Posta hayaruhusu, na pikipiki inayolala nje ya geti kutwa nzima inaibiwa mchana kweupe. Nunua mnyororo mzito uifunge kwenye nguzo.

Shemeji ana hoja, mkuu, usimshinde kwa maneno. Bima ndogo inamlipa uliyemgonga, wewe haikugusi, kwa hiyo hakikisha bima yako ya afya iko hai kabla ya kuitoa pikipiki dukani. Kubalianeni mambo wazi: ukinywa bia mbili pikipiki inalala ulipo, watoto hawapigwi mshikaki, yaani kupakiwa zaidi ya mmoja, kupelekwa shule, usiku wa mvua unarudi na basi. Jumapili asubuhi barabara ikiwa tupu, mpakie na kofia yake aone unavyoendesha. Kwangu lilisaidia hilo kuliko mjadala wowote.

Umeuliza Boxer au TVS. Zote spea zake zimejaa Kariakoo na fundi yupo kila kona, kwa hiyo kaa juu ya zote mbili, chukua ile ambayo miguu yote miwili inakanyaga chini vizuri. Mkopo wa mkataba kama wa bodaboda siushauri, bei inapanda mno, na rejesho la kila wiki limewekwa kwa mtu anayebeba abiria. Bora udunduize uchukue iliyotumika. Ukipata iliyotumika, linganisha namba ya chesesi kwenye kadi na iliyogongwa kwenye shingo ya pikipiki, uone kama namba imekwanguliwa. Jina kwenye kadi liwe la huyo anayekuuzia, na kitambulisho chake ukione. Akikwambia mwenyewe yuko safarini, usitoe hela mpaka arudi mkakutane naye, muandikishane, mbadilishe jina TRA.