Mkataba wa Paris haununui mikorosho yako

SWALI: Nina ekari saba za mikorosho hapa Kilwa, miti kama 180, mingi aliipanda marehemu baba. Amekuja bwana mmoja na fomu, anasema serikali ilishasaini Mkataba wa Paris wa mabadiliko ya tabianchi, kwa hiyo nchi za Ulaya zinalazimika kutulipa kwa kila mti. Anataka Sh150,000 ya usajili na nakala ya hati ya kimila ya shamba. Majirani wameshalipa. Naomba unipigie hesabu, miti 180 ni tani ngapi za kaboni, nisije nikapunjwa? (Msomaji, Kilwa)

JIBU: Hesabu nitakupa kwa kuwa umeiomba, ila hiyo laki na nusu ishikilie kwanza.

Unapimwa unene wa shina mita 1.3 kutoka ardhini, kipimo kinaingizwa kwenye kanuni ya aina hiyo ya mti, unapatikana uzito wa mti ukiwa mkavu. Karibu nusu ya uzito huo ni kaboni, na ukiizidisha kwa 3.67 unapata hewa ukaa. Tuseme mkorosho wako una kilo 400 kavu: kaboni ni kilo 188 hivi, hewa ukaa kilo 690. Miti 180 ya aina hiyo inakupa tani 124. Dalali akikutajia namba ya kukaribia hapo, kuzidisha anajua. Anachokuficha ni kwamba tani hizo haziuziki.

Maswali ya namna hii nayapata kila mara, leo mikorosho, kesho misaji, keshokutwa parachichi, na yote yamebeba dhana ileile inayonichosha: kwamba mti ukishasimama tayari ni hela. Tani zako 124 zimejijenga tangu enzi za baba yako na zingekuwepo hata kama Paris pasingepitishwa kitu. Soko la kaboni, ambako wanaochafua hewa hununua upunguzaji wa hewa ukaa uliofanywa na wengine, hulipia tofauti kati ya hali ilivyo na jinsi ambavyo ingekuwa bila mradi. Wewe huna mpango wa kukata mikorosho, unauza korosho. Tofauti yako ni sifuri, na sifuri mara 180 unaijua jibu lake.

Vijiji vya Wilaya ya Tanganyika, Katavi, vimelipwa kwa sababu msitu wao ulikuwa unafyekwa kweli na wakakubali kuulinda. Kule Gazi, Kwale, nchini Kenya, watu wa mradi wa Mikoko Pamoja wanalinda hekta 117 za mikoko, vijiji viwili kwa pamoja, na wanauza kama tani 3,000 kwa mwaka. Walilazimika hata kupanda mivinje ili watu wapate kuni na nguzo pengine, maana ukizuia ukataji hapa ukahamia bahari ya jirani, hujapunguza chochote. Linganisha na ekari zako saba, kisha kumbuka kwamba ukaguzi wa mradi mmoja unaweza kula makumi ya maelfu ya dola.

Na hiyo Paris. Mkataba ulipitishwa 2015, na hakuna kifungu kinachomlazimisha Mzungu yeyote kununua mti wako. Kifungu cha 6 kinaruhusu nchi kuuziana upunguzaji wa hewa ukaa kwa hiari. Umoja wa Ulaya wenyewe umejifunga kutimiza lengo lake la 2030, kupunguza hewa ukaa kwa angalau asilimia 55 kulinganisha na 1990, ndani ya mipaka yake. Uswisi, ambayo haimo kwenye umoja huo, ni miongoni mwa zinazonunua nje. Ilisaini na Ghana mwaka 2020. Lakini tani ambayo Ghana inaiuzia Uswisi, Ghana hairuhusiwi kujihesabia. Inaifuta kwenye daftari lake, maana tani moja haiwezi kuhesabiwa na nchi mbili. Ndiyo maana uuzaji huo unahitaji idhini ya maandishi ya serikali inayouza. Serikali zilibishana juu ya kanuni za Kifungu hicho hadi Baku, 2024, ndipo zikakamilika. Miaka tisa! Huyu bwana wako kaimaliza kwa fomu moja.

Tanzania nayo ina kanuni za biashara ya kaboni tangu 2022, na kuna kituo cha kufuatilia kaboni, NCMC, pale chuo kikuu cha kilimo cha SUA, Morogoro. Mwenye mradi halali atakuonyesha barua za usajili bila kukasirika. Ukimuuliza dalali akaanza kusema nafasi zinaisha Ijumaa, mfungulie mlango atoke.

Siku hizi madalali hawa wamehamia hata kwenye majiko banifu na taa za sola: unapewa jiko bure, unasaini karatasi usiyoisoma, kumbe umemwachia mtu haki ya kuuza upunguzaji wote wa hewa ukaa utakaotokana na jiko hilo. Kwenye ardhi ni hatari zaidi. Mikataba ya miaka 30 au 40 ipo, na wajukuu watakuta imesainiwa. Kenya iliweka kwenye sheria yake ya 2023 kwamba miradi ya ardhi iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato. Mkataba wowote usiotaja asilimia, nani anakagua na unavunjwaje, usiusaini, awe ameuleta Mswisi au mtoto wa shangazi yako. Kama ardhi ni ya kijiji, uende mkutano mkuu, usomwe kwa Kiswahili mbele ya watu, muhtasari uandikwe.

Nakala ya hati usiitoe kabisa. Majirani waliolipa watafute ujumbe wa muamala kwenye simu, wauhifadhi, waende nao polisi wakiwa pamoja.