Re: Uzamili Ujerumani au UDSM?

Habari ndugu. Nimekuelewa hivi: wewe ni mtumishi wa halmashauri, una barua ya udahili ya chuo cha umma Stuttgart na nyingine ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), ufadhili bado, na muda wa kuthibitisha unakwisha.

Kabla ya kulinganisha vyuo, anza na ruhusa ya masomo kwa maandishi kutoka kwa mwajiri. Ukiondoka bila hiyo unahesabika mtoro kazini, na ajira inaweza kukatika. Hapo ndipo wengi huumia, wala si darasani.

Pili, pesa. Usidanganyike na "Ujerumani ni bure". Stuttgart iko jimbo la Baden-Württemberg, ambako mwanafunzi asiye wa Umoja wa Ulaya hulipa euro 1,500 kila muhula. Mihula minne ni 6,000. Juu yake, bila ufadhili, viza kwa kawaida inataka euro 11,904 ziwe tayari kwenye akaunti maalumu ya mwaka mmoja, unayoruhusiwa kuchota 992 tu kwa mwezi. Hakikisha kiwango hicho ubalozini, maana hupandishwa.

Kama fedha hiyo ingetoka kwenye mkopo wa mshahara, mimi ningesema UDSM bila kusita. Makato yataendelea nyumbani wakati wewe unalipa pango kule! Ila omba chuo cha Stuttgart kikuahirishie udahili, kisha jaribu DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi wa kigeni. Programu zao za maendeleo hutaka uzoefu wa kazi wa miaka miwili, na wewe unao.

Watoto umewataja kwa kupita tu. Wana umri gani?