Eti kanisa letu lilianzishwa na mfalme aliyetaka mke mpya?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi nimebatizwa Kanisa la Uganda, yaani Anglikana, mume wangu ni Mkatoliki wa Masaka. Kila tukienda kwao mama mkwe hunichokoza kwamba kanisa letu liliundwa na mfalme aliyemchoka mkewe. Ni kweli? Na mbona kila 3 Juni, tukienda kuwakumbuka mashahidi kule Namugongo, tunaachana njiani, wao huku, sisi kule? Sasa wanataka nibatizwe upya.
Mama Pacha, Busia

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mama mkwe hajadanganya, ila hadithi kaikatisha mapema.

Henry VIII wa Uingereza alimwomba Papa Clement VII abatilishe ndoa yake na Catherine wa Aragon, kwa kuwa hakuwa na mrithi wa kiume. Papa angefanyaje? Catherine alikuwa shangazi yake Kaisari Charles V, ambaye askari wake waliipora Roma mwaka 1527. Jibu likapigwa danadana, hadi mwaka 1534 Bunge likamtangaza Henry mkuu wa kanisa nchini mwake. Lakini misa ya Kilatini aliiacha palepale, na mapadre hakuwaruhusu kuoa. Tena huyuhuyu mwaka 1521 alipewa na Papa cheo cha Mtetezi wa Imani kwa kuandika kitabu cha kumpinga Luther, mwanzilishi wa Uprotestanti! Uprotestanti wenyewe uliingia kwa mwanawe, Edward VI, na kitabu cha sala cha 1549. Dada yake Mary akairudisha nchi kwa Roma, dada yao Elizabeth akaitoa tena. Maskini waumini, kila mfalme akizikwa wanabadilishiwa ibada.

 

Huku kwetu ugomvi uliletwa na Wazungu ukiwa umefungashwa tayari. CMS, wamisionari Waanglikana wa Uingereza, walifika kwa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, mwaka 1877, White Fathers, wamisionari Wakatoliki kutoka Ufaransa, mwaka 1879, na Mackay wa CMS na Padre Lourdel, yule Waganda waliyemwita Mapeera, wakabishana mbele yake.

Kabaka Mwanga, mwana wa Mutesa, alipowaua Wakristo hakubagua. Tarehe 3 Juni 1886 vijana wa pande zote mbili waliteketezwa Namugongo. Karoli Lwanga alichomwa mbali kidogo na wenzake, na hapo ndipo ilipo Basilika. Wengine walichomwa pamoja, pale penye eneo la Waanglikana leo. Kwa hiyo Wakatoliki wengi wa siku ile walifia upande mnaouita wenu. Mwambie mkweo hilo, kwa adabu. Papa Paulo VI mwenyewe, alipowatangaza mashahidi 22 wa Kikatoliki kuwa watakatifu mwaka 1964, aliwakumbuka na Waanglikana.

Linaloniuma mimi ni la baadaye. Miaka sita haijatimia, 24 Januari 1892, "Wafransa", yaani Wakatoliki, na "Waingereza", yaani Waprotestanti, Waganda watupu hao, wakapigana Mengo, makao ya Kabaka. Kapteni Lugard, Mwingereza, na bunduki yake ya Maxim akawabeba Waprotestanti, Wakatoliki wakaishia Buddu, upande wa Masaka. Ndiyo maana ukweni kwako Masaka rozari ni nyingi hivyo. Hata siasa iliambukizwa: chama cha DP (Democratic Party) watu walikiita Dini ya Papa.

Kubatizwa upya? Hapana. Kanisa Katoliki linautambua ubatizo wa maji kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Ukitaka mwenyewe kuhamia kwa mumeo, utafundishwa, utapokelewa na kupewa kipaimara. Usipotaka, baki ulipo. Mpelekee paroko cheti chako cha ubatizo, umwulize mbele ya mumeo.