Kumfungia ndani mama anayevuta unga

SWALI: Mdogo wangu ana miaka 22 na mtoto wa miezi minne anayenyonya. Anavuta unga (heroini). Vyombo vya ndani vinauzwa kimoja kimoja, mama yetu halali. Wajomba wanataka tumfungie chumbani wiki nzima mpaka arosto, yaani mateso ya mwili unapoukosa unga, iishe. Itasaidia? Na mtoto aendelee kunyonya?

JIBU: Ndugu muulizaji, arosto itaisha kweli, na hatari kubwa inaanzia hapo. Huanza saa 6 hadi 12 baada ya kuvuta, hukaza siku ya pili na ya tatu, kisha hulegea ndani ya wiki hivi. Hamu ya unga haiondoki nayo. Mwili uliokaa siku hizo bila unga hauhimili tena kiasi alichozoea. Akitoroka akavuta kile kile, pumzi inakata.

Mpelekeni kliniki ya methadoni, dawa inayotuliza arosto na hamu ya unga. Siku ya kwanza kwa kawaida hupewa miligramu 10 hadi 30, kisha dozi hupandishwa taratibu; wengi hutulia kati ya 60 na 120. Dawa hujikusanya mwilini kwa siku kadhaa, hivyo asiguse pombe wala valiamu (dawa ya usingizi), hasa wiki mbili za mwanzo. Wajomba watasema kabadilisha unga kwa unga. Si kweli: akipata dozi yake halewi, wala hashindi akisaka hela. Na msimharakishe kuiacha. Mwezi mmoja hautoshi.

Maziwa yake, maadamu anavuta, mtoto asipewe. Apewe ya kopo, mama akamue na kumwaga ili yasikauke. Mtoto akitetemeka, akilia mfululizo au akiharisha baada ya kuachishwa, afikishwe hospitali siku hiyo hiyo. Mama akishatulia kwenye methadoni bila unga, kliniki huweza kumruhusu anyonyeshe tena, kwa kuwa inayopita kwenye maziwa ni kidogo. Apimwe VVU na homa ya ini kwanza.

Mama na mtoto wasilale kitanda kimoja. Dozi ya methadoni ya kubeba nyumbani ifungiwe kwa kufuli: funda moja laweza kumuua mtoto.

Ombeni pia naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa na unga au methadoni. Mkimkuta mdogo wako haamki, anakoroma kwa shida, midomo imegeuka bluu, iteni msaada, mpeni naloksoni, mpulizieni pumzi. Akianza kupumua, mlazeni ubavu. Hata akizinduka lazima afike hospitali: naloksoni huisha nguvu baada ya dakika 30 hadi 90, methadoni bado imo mwilini, anaweza kuzima tena.