Chumba cha ghorofani kimebonyea? Usimwage zege

Asalaam aleikum. Ndugu yangu umeuliza kuhusu chumba chako cha ghorofani Mji Mkongwe, kilichobonyea katikati sentimita 6, na fundi anataka kumwaga zege ili kusawazisha kabla ya kupiga mbao. Nakuomba sana msimamishe. Kazi ya kusawazisha na kupiga mbao tumeifanya nyumbani kwetu Kiponda.

Piga hesabu kwanza. Chumba cha mita 3 kwa 5, ukikijaza wastani wa sentimita 3 tu, umepandisha karibu tani moja juu ya boriti za mikoko ambazo tayari zimebeba mawe na chokaa miaka yote hiyo. Tena saruji haipumui kama chokaa. Unyevu ukinaswa chini yake, boriti inaoza, na mara nyingi huanzia kichwani, pale ilipoingia ukutani. Kwa hiyo nenda chumba cha chini, weka ngazi, choma kila kichwa kwa bisibisi. Kwetu boriti mbili ziliingia bisibisi kama muhogo uliochemshwa. Hizo zibadilishwe kabla ya jambo lolote, na kibali ukachukue kwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe.

Kusawazisha, tumia papi, yaani mbao nyembamba za kubeba sakafu, na kabari za kuziinua. Pima maji ya mkononi peke yake haitoshi kwa chumba kirefu. Tafuta mpira mwangavu, ujaze maji, toa mapovu yote ya hewa. Mmoja anashika ncha huku, mwengine kule, mnangoja maji yatulie, mnatia alama ya penseli ukutani. Zungukeni kuta zote nne, kisha vuteni uzi. Penye mwinuko mkubwa kuliko pote ndipo pa kuanzia: hapo papi inalala chini kabisa, kwengine inainuliwa ifuate uzi. Kabari ziwe za mbao ngumu, mbili mbili zikitazamana, ili ukizigonga zipande bila kuilaza papi upande. Papi zipite kukingama boriti, kila sentimita 40, uzito ugawike. Usisahau mlango: pima kimo cha sakafu mpya kabla hujakata chochote, maana mlango wa zamani kuukata chini ni dhambi.

Kilichotuumiza sisi ni mbao zenyewe. Tulizinunua masika, zikapigwa siku ya tatu, zimebanana vizuri kabisa. Kaskazi ilipoingia zikasinyaa. Bibi yangu tasbihi yake ilikatika siku moja baada ya alasiri, na punje tatu zikatumbukia katika nyufa, tukazisikia zikigonga chokaa huko chini. Alikaa pale chini akizitazama. Tuling'oa sakafu nzima, tukaanza upya.

Mbao ziingize katika chumba hichohicho zitakamopigwa, zipange na vijiti katikati hewa ipite, madirisha wazi, wiki mbili au tatu. Wakati wa kupiga, acha sentimita 1 pande zote za ukuta, maana masika zitavimba tu. Nafasi hiyo ifunike kwa ubao wa pembeni uliopigiliwa ukutani, si sakafuni. Mchwa nao uwatilie dawa kwenye papi, chini na ubavuni, kabla hujafunika.

Na waambie wa nyumbani mapema: kudeki kwa kumwaga ndoo ya maji kumekwisha. Kitambaa kilichokamuliwa kinatosha.